Soko la Hisa na Mwekezaji Mdogo (4): Subira Bila Hesabu

Machi 23, 2025, kampuni ya vinasaba ya 23andMe ya California iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na mmoja wa waanzilishi wake, Anne Wojcicki, akaacha ukurugenzi mkuu. Mwezi Juni mahakama iliidhinisha mali za kampuni ziuzwe kwa dola milioni 305 kwa taasisi isiyolenga faida inayoongozwa na Wojcicki huyohuyo. Mwaka 2021 kampuni hiyo iliwahi kufikia thamani ya dola bilioni 6 hivi sokoni. Leo nawazungumzia wawekezaji wadogo walioshikilia hisa zake zikipanda na kushuka, huku wachambuzi wakiwaonya. Aliyefuatilia makala zilizopita anajua mwanahisa husimama wapi kampuni inapofilisika: nyuma ya wadai wote.

Kwanza tuitazame ile 23 iliyo katika jina la kampuni. Binadamu ana jozi 23 za kromosomu, yaani 46 katika seli ya kawaida. Mwanafunzi wa sekondari analijua hilo, lakini kwa zaidi ya miaka 30 wataalamu wa dunia nzima waliamini kuwa ni 48. Mwaka 1923 Theophilus Painter wa Texas, baada ya kusita kati ya 46 na 48, alitangaza 48. Hatumlaumu. Vipande vya tishu alivyovitazama kwa darubini vilionyesha kromosomu zimepandana kama tambi sahanini. Wa kulaumiwa ni waliomfuata. Vitabu vilinakili 48, walimu wakafundisha 48, na aliyehesabu akapata pungufu alijitilia shaka mwenyewe.

Huko Lund, Sweden, watafiti waliochunguza maini ya mimba changa walihesabu 46 mara kwa mara. Wakasimamisha kazi yao kwa muda, kwa sababu tu wameshindwa kuzipata zote 48! Ukweli ulikuwa mbele ya macho yao, wakauona kuwa kasoro.

Ndipo alipotokea Joe Hin Tjio, mzaliwa wa Java, aliyewahi kufungwa na Wajapani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Desemba 1955, katika maabara ya Albert Levan hapohapo Lund, alitumia mbinu iliyokuwa imeanza kuenea: seli huloweshwa katika maji yenye chumvi hafifu, zikavimba, na kromosomu zikaachana. Alizipiga picha, akahesabu, akapata 46. Akarudia seli baada ya seli, na jibu likabaki hilo. Mwaka 1956 yeye na Levan walichapisha matokeo, na idadi iliyoheshimiwa kwa miongo mitatu ikaanguka.

Baadhi ya wanaoshikilia hisa dhidi ya ushauri wa wote hupenda visa vya namna hii. Husema: wengi walimpinga fulani, naye akaibuka mshindi, nami nitasubiri, maana subira huvuta heri. Wanaisoma historia kichwa chini. Tjio hakuwa sahihi kwa sababu alikuwa peke yake. Alikuwa sahihi kwa sababu alihesabu. Ukaidi usio na hesabu hautofautiani na utiifu usio na hesabu, kwani mkaidi na mtiifu wote wawili wamekabidhi akili zao kwa mtu mwingine.

Je, mwenye hisa za 23andMe angehesabu nini? Mapato na hasara, ambazo kampuni ililazimika kuzichapisha. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024 iliingiza dola milioni 220 hivi, ikapata hasara ya dola milioni 667. Tena mteja hutema mate kwenye kichupa mara moja, hupata majibu ya asili yake na afya yake, na hana sababu ya kununua kipimo cha pili. Jitihada za kuuza huduma za kila mwezi na kutengeneza dawa hazikuziba pengo hilo. Mwaka 2023 wadukuzi waliiba taarifa za watu wapatao milioni 6.9. Septemba 2024 wakurugenzi wote saba wa kujitegemea walijiuzulu kwa siku moja. Hakuna lililofichwa kati ya hayo.

Sisemi teknolojia ya afya ni ulaghai. Elimu ya vinasaba imeokoa maisha na itaokoa mengine mengi. Lakini uvumbuzi kuwa na manufaa ni jambo moja, na kampuni yake kumlipa mwanahisa ni jambo jingine.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kununua hisa, na kabla ya kuapa kutoziuza, fungua taarifa ya mwaka ya kampuni ukae nayo na kalamu. Ukishindwa kueleza fedha yake itatoka wapi, weka akiba yako kwingine.