Msamaha wa Chanjo Shuleni Marekani: Nani Anaongeza Idadi? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona kwamba majimbo yote ya Marekani yanamtaka mtoto awe amechanjwa kabla ya kuandikishwa shule, na kwamba mengi yameacha njia ya kukwepa: msamaha wa kiafya, wa kidini, na kwingineko mzazi akisema tu dhamiri yake haikubali, yatosha. Watetezi wa misamaha hii hutaja hesabu ya taifa. Mwaka wa masomo wa 2024–25, watoto wa chekechea waliosamehewa walau chanjo moja walikuwa asilimia 3.6, basi, huuliza, kelele za nini? Hesabu yenyewe ni sahihi, ila surua haiambukizi kwa wastani wa taifa. Huambukiza darasani, ibadani na nyumbani kwa jamaa, na wazazi wanaoomba msamaha mara nyingi ni majirani, husali pamoja na kupeleka watoto shule zilezile. Katika kaunti ya Gaines, magharibi mwa Texas, waliosamehewa chekechea walikaribia asilimia 18. Huko ndiko kulikokuwa kitovu cha mlipuko wa surua wa mwaka 2025, uliofikisha wagonjwa 762 hadi ulipotangazwa kwisha mwezi Agosti. Watoto wawili wa umri wa shule walifariki, hawakuwa wamechanjwa.

Mgonjwa mmoja wa surua, akiwa katikati ya watu wasio na kinga, anaweza kuwaambukiza kati ya 12 na 18, na virusi vyake hudumu hewani hadi saa mbili baada ya yeye kutoka chumbani. Ndiyo maana lengo huwekwa kwenye watoto 95 waliochanjwa katika kila 100. Watano wanaobaki si ziada ya kugawiwa kila aombaye, kwa kuwa nafasi hizo zina wenyewe: mtoto anayetibiwa saratani ya damu, aliyepandikizwa figo, aliyezaliwa na upungufu wa kinga. Hao hawawezi kupewa chanjo ya surua, kwani ina virusi hai vilivyodhoofishwa.

Je, idadi ya misamaha hupanda na kushuka kwa kufuata imani za wazazi? Mfano wa California waonyesha vingine. Baada ya surua kuzuka katika bustani ya burudani ya Disneyland mwishoni mwa 2014, bunge la jimbo lilifuta msamaha wa imani binafsi. Gavana Jerry Brown akatia saini Juni 2015, na sheria ikaanza kazi Julai 2016. Watoto wa chekechea waliokamilisha chanjo walipanda kutoka asilimia 92.8 hadi 95.6 katika mwaka mmoja wa masomo. Sehemu ya ongezeko hilo, ni haki kusema, ilitokana na shule kubana uandikishaji wa watoto kwa ahadi ya kumalizia chanjo baadaye. Lakini hata hilo ni suala la utaratibu, si la imani. Kisha misamaha ya kiafya, iliyokuwa takriban asilimia 0.2, ikapanda hadi kama 0.7. Miili ya watoto wa California haikuwa imebadilika ghafla. Mlango mmoja ulipofungwa, baadhi ya wazazi walitafuta mwingine, na wakapata madaktari wa kuwafungulia. Mwaka 2019 jimbo likatunga sheria ya kumkagua daktari anayetoa misamaha mitano au zaidi kwa mwaka.

Wapo wanaojibu kwamba mwili wa mtoto si mali ya serikali. Mahakama ya Juu ya Marekani ililipima jambo hili mwaka 1905, katika shauri la Jacobson wa Massachusetts aliyekataa chanjo ya ndui na kutozwa faini ya dola tano, ikaunga mkono sheria ya kulazimisha chanjo. Mwaka 1922 ikatamka hivyo hivyo kuhusu shule, katika shauri lililotoka San Antonio, huko huko Texas. Hata hivyo, uhalali wa sheria hauthibitishi busara yake, kwa hiyo hoja nyingine zastahili kusikilizwa. Ya kwanza: kama mwanao amechanjwa, wangu atamdhuru nini? Dozi mbili hukinga takriban watu 97 kati ya 100, hazikingi wote. Na kichanga nchini humo hupata dozi ya kwanza akitimiza miezi 12 hadi 15, ilhali kaka yake huleta kutoka shule chochote alichoambukizwa.

Hoja ya madhara ni nzito zaidi, nami sioni faida ya kuikwepa. Chanjo ya surua huweza kuleta homa, na mara chache degedege. Serikali ya Marekani yenyewe hukiri hilo: sheria ya 1986 iliunda mpango wa fidia unaolishwa na ushuru wa chanjo. Ila dai linalowasukuma wengi, kwamba chanjo huleta usonji, lilitoka katika makala ya daktari Wakefield ya 1998 ambayo jarida la kitabibu la Lancet, lililoichapisha, liliifuta mwaka 2010, na utafiti wa Denmark wa 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukuona uhusiano wowote.

Linabaki pingamizi ambalo watetezi wa sheria kali hawajalijibu vizuri. Sheria ya California haiwahusu watoto wanaofundishwa nyumbani. Mzazi aliyekata tamaa anaweza kumwondoa mwanawe shuleni, na mtoto huyo bado atapanda basi, ataingia dukani na kukaa kwenye foleni ya kliniki pamoja na vichanga. Kwa mzazi wa namna hiyo sheria kali haina nguvu. Anayeweza kumfikia ni muuguzi au daktari anayemwamini, na ratiba za kliniki nyingi hazimwachii nafasi ya mazungumzo marefu.