Heroe Hawana Mwezi Wao

Kila likizo ikikaribia, swali ni lile lile: "Nije Nakuru mwezi gani niwakute flamingo?" Ukimjibu mtu kwamba hakuna mwezi, anadhani unamficha siri, na kesho yake anakwenda kwa wakala wa safari anayemtajia mwezi bila kupepesa macho. Wakala hana makosa sana, kwa sababu kalenda inauzika. Tatizo ni kwamba heroe wenyewe hawaifuati, na mteja analipia lango la hifadhi ili atazame maji matupu, kisha anarudi akisema ndege wamekwisha.

Imani hii ina chanzo chake. Ufukwe wa ziwa lolote la Bonde la Ufa una ndege wenye ratiba ya kweli. Vitwitwi wadogo kabisa, ambao uzito wao ni gramu 20 hadi 30 hivi, huanguliwa kaskazini ya mbali karibu na Bahari ya Aktiki. Kuanzia Agosti unawaona wakikimbiakimbia kwenye tope na kudonoa, na Mei ikifika karibu wote wameshaondoka. Korongo weupe kutoka Ulaya nao huja na kurudi kwa majira. Hawa wote husukumwa na urefu wa mchana: kwao siku zikianza kufupika, mwili hupata habari kwamba baridi inakuja na wadudu watakwisha. Kosa ni kumtia heroe mdogo katika msafara huo. Yeye hatoki Ulaya, ni mzaliwa wa bonde hili hili, na pale Nakuru, karibu kabisa na ikweta, mchana wa Juni na wa Desemba hupishana dakika chache tu. Nani basi amwambie kwamba Julai imeingia?

Kinachomwongoza ni tumbo. Mtazame anapokula: shingo imeshuka, kichwa kimepinduka, ulimi unasukuma maji kwenye vichujio laini vilivyo ndani ya mdomo. Vichujio hivyo vimeumbwa hasa kwa ajili ya mwani wa kijani-buluu uitwao Arthrospira, jamii moja na unga unaouzwa mijini kwa jina la spirulina. (Kitaalamu ni bakteria, lakini tusigombane.) Ndege mmoja hula kama gramu 60 kwa siku, zikipimwa zikiwa kavu, kwa hiyo kundi la milioni moja linahitaji tani 60 kila siku. Mwani huo hustawi maji yakiwa na magadi ya kutosha. Mvua ikiyazimua, mwani wa aina nyingine huchukua nafasi yake, na shamba zima linaweza kuporomoka katika wiki chache. Nakuru mwaka 1974 shamba hilo liliporomoka, na heroe walio wengi wakaondoka. Husafiri usiku, ndiyo maana watu hulala wakiwa nao na kuamka hawapo.

Mbishi atasema mwongozo wake amewakuta Januari miaka miwili mfululizo. Sawa, na Januari ndio mwezi unaofaa kupima dai hilo, kwa kuwa ndipo hesabu ya pamoja ya ndege wa majini hufanyika. Heroe wangekuwa na mwezi wao, hesabu hizo zingefanana mwaka hadi mwaka. Hazifanani: ziko za mamia ya maelfu ya ndege hapo Nakuru, na ziko za maelfu machache. Mwingine ataleta hoja nzito zaidi ya Ziwa Natron, kule Tanzania, ambako takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa, wakiwemo hao ambao Wakenya huwaita wao. Ni kweli kwamba wakitaga huko, mara nyingi huanza miezi ya mwisho wa mwaka. Lakini kuna miaka hawatagi kabisa, kwa sababu viota vyao vya tope vinataka maji ya kumzuia fisi, ila yasiwe mengi kiasi cha kuvifunika. Mwaka 1962 Natron ilifurika wakaenda kutaga Ziwa Magadi. Huko magadi yaliganda kwenye miguu ya makinda yakawa pingu, ikabidi watu waingie ziwani kuyavunja. Mwenye ratiba hababaiki namna hiyo.

Tangu kiasi cha mwaka 2010 maziwa haya yamepanda, Nakuru imetoka kwenye kilomita za mraba 40 hivi na kupita 60, na huenda ukasikia mtu akipendekeza tiba hii: yamwagwe magadi ziwani. Tupige hesabu. Kilomita za mraba 60 kwa kina cha mita 4 tu ni mita za ujazo milioni 240. Ukitaka kuongeza kilo 10 kwa kila mita ya ujazo, unahitaji tani milioni 2.4, yaani malori 240,000 ya tani kumi kumi. Halafu chumvi yenyewe haijaenda popote, maana Nakuru haina mto wa kutokea. Imo humo humo, imezidiwa na maji tu, na jua ndilo litakaloyapunguza. Sisemi hakuna la kuhofia: utafiti wa picha za setelaiti uliochapishwa mwaka 2024, uliopima maziwa 22 ya Ethiopia, Kenya na Tanzania, unaonyesha chakula cha heroe kikipungua kadiri maji yanavyopanda. Ila ziwa lisilo na heroe si ziwa lililokufa. Samaki wadogo walioletwa Nakuru miaka ya 1950 na 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu ndio waliowavuta mwari kwa makundi, na maji yakipungua ukali, walaji wa samaki hawana cha kulalamikia.

Ya vitendo, upesi. Piga simu langoni wiki ile ile unayosafiri, uulize heroe wako ziwa gani. Usipange ziwa moja: Kenya unganisha Bogoria, Elementaita na Nakuru, Tanzania fikiria Manyara, Momela na Natron. Maji mazito ya kijani ni dalili njema. Darubini ya 8x42 yatosha. Mdomo mwekundu uliokoza karibu na weusi ni wa heroe mdogo. Wa waridi wenye ncha nyeusi ni wa heroe mkubwa, anayekula vijidudu vya topeni na ambaye huenda akabaki wenzake wakishahama. Kwa vitwitwi, Oktoba hadi Machi, asubuhi. Droni iache nyumbani, na usiwakurupushe waruke kwa ajili ya picha. Natron wakati wa viota usikaribie hata kidogo, kwani kundi likishtuka hutelekeza mayai.