Chinsoni na Maadili ya Chuo Kikuu: Adabu Inayomfunga Mdogo na Mkubwa

Mwanafunzi anayetoka Kisii au Nyamira kujiunga na chuo kikuu haingii huko mikono mitupu kwa upande wa adabu. Kabla hajakabidhiwa kijitabu cha kanuni katika juma la kuwapokea wanafunzi wapya, tayari amelelewa katika utaratibu mwingine wa mwenendo, usioandikwa katika kijitabu chochote, ambao Abagusii huuita chinsoni. Makala haya yanaeleza utaratibu huo ni nini na jinsi unavyokutana na maadili yanayotarajiwa katika jumuiya ya chuo. Hoja yake kuu ni kwamba chuo kimeirithi nusu moja tu ya chinsoni, ile inayomfunga mdogo, na kuiacha nyumbani nusu ya pili, ile inayomfunga mkubwa.

Inafaa kuanza na neno lenyewe. Chinsoni ni wingi wa ensoni katika Ekegusii, na wapenzi wa Kiswahili watalitambua mara moja, kwani ndilo soni letu, neno ambalo kamusi hulieleza kuwa ni haya au aibu. Ni neno la Kibantu lenye ndugu wengi: Wakikuyu wana thoni, Wakamba wana nthoni, Waganda wana ensonyi. Kwa Wakikuyu na Wakamba neno hili limefungamana sana na staha baina ya wakwe. Kiswahili kimeliacha soni lizeeke na kuyakumbatia maneno yenye asili ya Kiarabu: haya, aibu, heshima, adabu. Hakuna ubaya katika hilo, ila kuna jambo la kuangalia. Adabu katika Kiarabu ni mwenendo mwema na pia ni fasihi. Katika Kiswahili maana hiyo ya pili haikushika, na badala yake tukapata usemi wa kumtia mtu adabu, yaani kumwadhibu. Soni huonwa na mwenyewe, ilhali adabu hutiwa na mwingine. Tofauti hiyo ndogo itajitokeza tena mbele.

Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti Gusii katika miaka ya 1950 na kuandika kuhusu jamii waliyoipa jina la Nyansongo, waliielezea chinsoni kuwa ni miiko inayotawala uhusiano wa kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto. Kijana akishatahiriwa huhama nyumba ya mama na kulala katika esaiga, nyumba ya vijana. Tangu hapo haingii wanakolala wazazi wake, hatamki maneno ya faragha mbele yao, wala hasimami mahali atakapouona utupu wao. Mzazi naye ana yake. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Akiwa na neno humwita nje. Hasemi mzaha wa mambo ya kitandani mbele ya watoto wake, na wala si mbele ya wale tu aliowazaa. Mfumo wa Gusii huhesabu vizazi, hivyo wanaoitwa tata ni wengi, wakiwamo ndugu za baba na marika yake, na kila mmoja wao hufungwa na miiko ileile kwa watoto wa wenzake. (Mgeni ajihadhari hapa: katika Ekegusii tata ni baba, na baba ni mama. Mtoto wa Kisii anayejifunza Kiswahili hulazimika kulipindua neno hilo kichwani kwanza.)

Kwa babu na bibi mambo hugeuka. Sokoro na magokoro hutaniana na wajukuu wao kwa uhuru mkubwa. Mjukuu huuliza asiloweza kumuuliza mzazi, hubisha, hucheka, hata humkejeli mzee, na hakuna anayesema amekosa adabu. Kwa hiyo si kweli kwamba mila ilimtaka mdogo kunyamaza mbele ya kila mkubwa. Ilimtaka ajue amesimama mbele ya mkubwa yupi.

Sasa tuje chuoni. Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi. Mwaka 1983 kikawa cha kufunza walimu wa sekondari, mwaka 1994 kikawa bewa la Chuo Kikuu cha Egerton, mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki cha Egerton, na mwaka 2013 kikapata hati yake. Historia hiyo ya kufunza walimu si jambo la kupita hivihivi, kwani mwalimu katika Gusii, tangu enzi za misheni za Nyabururu na Nyanchwa mwanzoni mwa karne ya 20, amekalia kiti cha mzazi. Mhadhiri amekirithi kiti hicho. Mwanafunzi humpisha njiani, humbebea vitabu, hushusha sauti akimsemesha. Aliyelipiwa karo kwa majani ya chai yaliyochumwa Kebirigo au Borabu anajua vyema kwamba nyuma yake kuna wengi wanaomtazamia, na hataki habari za utovu wake wa nidhamu ziwafikie.

Heshima hii ina matunda yake, lakini pia ina gharama. Mwanafunzi asiyeelewa hoja huinama na kuandika asichokielewa, kwa kuwa kumuuliza mhadhiri mbele ya watu kunafanana mno na kumuumbua mzazi. Anayesimamiwa tasnifu huambiwa abadilishe sura nzima, naye huibadilisha ingawa ana ushahidi kwamba ya kwanza ilikuwa sahihi. Taaluma haiwezi kuendelea hivyo. Pamoja na hayo, ufumbuzi wake hauhitaji kuagizwa ng'ambo. Katika semina na katika usimamizi wa tasnifu, mhadhiri anaweza kukalia kiti cha sokoro, na kuuliza na kubisha kukawa ndiyo adabu ya mahali hapo. Wahadhiri wachache hulifanya jambo hili bila kulipa jina, na wanafunzi wao hutambulika kwa urahisi: ndio wanaouliza maswali katika makongamano.

Zito zaidi ni upande wa pili. Mhadhiri anayedai heshima ya tata, kisha akamwita mwanafunzi ofisini na kumdokezea kwamba alama zake zinaweza kurekebishwa kwa tendo la ngono, ameivunja chinsoni katika kiini chake. Hili si kosa la Kisii peke yake. Vyuo vya Afrika Mashariki kwa jumla vinalijua na vimekuwa vikilipiga vita. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ya mwaka 2006 inamtaja mtu mwenye mamlaka au wadhifa wa umma ambaye hudumu katika kumtaka mtu kimapenzi huku akijua, au akiwa na sababu ya kujua, kwamba hapendezwi. Ni sheria nzuri, ila swali lake ni hili: je, alidumu, na je, alijua kwamba hakukubaliwa? Chinsoni haikungoja kufika huko. Swali lake lilikuwa moja tu: amekalia kiti gani? Ikiwa ni kiti cha mzazi, ridhaa ya mtoto haikuwa hoja, kwa kuwa ombi lenyewe halikupaswa kuzaliwa. Na aibu iliyofuata ilikuwa ya mkubwa.

Hata hivyo, itakuwa ni udanganyifu kuisifu chinsoni na kukomea hapo. Soni ileile iliyomzuia mkubwa asitende humzuia mdogo asiseme. Binti aliyetendewa uovu na mtu wa kizazi cha baba yake hawezi kumsimulia baba huyo kilichotokea, kwani maneno ya kusimulia ndiyo yaleyale yaliyokatazwa. Ndipo inapoeleweka kwa nini malalamiko mengi hayafiki ofisini. Mwenye kudhulumiwa hutakiwa kuyaeleza kwa maandishi mbele ya kamati ya watu wa umri wa wazazi wake, pengine wafanyakazi wenza wa anayelalamikiwa. Mila ilijua kwamba kuna mambo yasiyoweza kusemwa uso kwa uso, na kwa ajili hiyo iliweka watu wa kati. Katika mambo ya ndoa alikuwako esigani, mshenga aliyechunguza na kuuliza yale ambayo baba na mwana wasingeweza kuulizana. Katika mengine alikuwako magokoro. Chuo kina mlezi wa wanafunzi na washauri nasaha. Swali ni kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anawaona kuwa watu wa kati, au kuwa wazazi wengine tu.

Kuna eneo jingine ambapo maadili ya nyumbani na ya chuo hugongana, nalo ni mtihani. Gusii ina mila kongwe za kufanya kazi kwa pamoja: risaga, majirani wanapokusanyika kumlimia mwenzao, na egesangio, kikundi kidogo kinacholimiana kwa zamu. Kumnyima jirani jembe ni uchoyo. Mwanafunzi huileta roho hiyo chuoni, na vikundi vya kudurusu vinavyosaidia wengi kufaulu ni egesangio kwa sura mpya. Lakini roho hiyohiyo hutumiwa kuhalalisha kumwonyesha mwenzio majibu, au kuingia na mwakenya, kile kikaratasi cha siri ambacho wanafunzi wa Kenya walikiita kwa jina la vuguvugu la chinichini la miaka ya 1980. Hoja ya kwamba ni kusaidiana haisimami. Risaga hulima shamba ambalo kila mpita njia anajua ni la nani na limelimwa na akina nani. Hakuna aliyewahi kulimiwa na kijiji kizima kisha akajitapa kwamba amelima peke yake.

Hilo pia ndilo jibu kwa vijana waliojiajiri katika kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza, biashara iliyoenea Kenya katika miaka ya 2010. Ukosefu wa kazi ni hoja nzito na haifai kubezwa. Lakini sheria iliyopitishwa Uingereza mwaka 2022 ilipiga marufuku huduma hizo nchini England, na sasa akili mnemba inaandika insha hizohizo kwa sekunde. Malipo yamekwenda, na aliyezoea kuandika kwa jina la mwingine amebaki bila maandishi yenye jina lake.

Limebaki suala la lugha, ambalo ni letu hasa. Kanuni za mwenendo katika vyuo vyetu kwa kawaida hutolewa kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Mwanafunzi hutia sahihi asichokisoma, na msimamizi hukitaja pale tu anapotaka kumtia mtu adabu. Vyama vya Kiswahili vyuoni vina uwezo wa kuzitafsiri kanuni hizo. Mtafsiri atakapofika kwenye kifungu kinachohusu mwenendo wa wahadhiri kwa wanafunzi, itambidi aamue kama ataandika heshima, neno ambalo mwanafunzi wa Gusii hulisikia kama amri kwa mdogo, au atalirudisha soni, ambalo mhadhiri wa Gusii atalisikia kama amri kwake mwenyewe.