Pikapu kuukuu huanza kutengenezwa mbele

HILUX yangu kuukuu nilirudi nayo kutoka Kigoma, nikavuka Manyovu na Mugina. Nikipakia mawese Rumonge kuja Bujumbura, kwenye kona nazungusha usukani, magurudumu yanafuata baadaye. Katika gereji moja hapa Jabe nikaomba springi za nyuma ziongezwe bamba.

Fundi akacheka. "Mzee wangu, unataka kuongeza mzigo nyuma, na mbele gari halishiki njia?" Akapiga jeki, akatikisa gurudumu: ncha za tairodi zimelegea, boljointi zimekwisha, bushi zimekatika.

Tulibadilisha hizo kwanza, kisha shokapu zote nne. Mwisho magurudumu ya mbele yakapimwa upya, maana tairodi ikiguswa mwelekeo hubadilika na tairi hulika upande mmoja. Bamba sikuongeza: springi ngumu hubeba zaidi, lakini breki na ekseli hubaki zilezile.

Ndugu yangu wa mpakani, kabla ya kupakia, gurudumu litikiswe. Gari linaloyumba likiwa tupu, likijaa litakushinda, na juu ya magunia umepakia watu.