Kuzidi na Kutofaa: Namna Kiswahili Kinavyoeleza Kilichopita Kiasi

Utangulizi

Katika kata ya Kisondela, wilayani Rungwe, mtoto aghalabu hukutana na lugha tatu kabla ya kumaliza elimu ya sekondari. Nyumbani husikia Kinyakyusa. Katika shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa ya kufundishia katika ngazi hiyo nchini Tanzania mwaka 1967. Akiingia kidato cha kwanza, hutakiwa kusoma masomo yake karibu yote kwa Kiingereza. Lugha zote tatu zina njia ya kusema kwamba kitu ni kikubwa sana. Ugumu huanza pale inapobidi kusema kwamba kitu ni kikubwa kiasi cha kutofaa. Mhadhara huu unachunguza tofauti hiyo na athari zake kwa mwanafunzi na kwa mfasiri.

Neno moja lenye kazi mbili

Kiingereza huweka neno "too" mbele ya kivumishi. Kwanza, neno hilo huonyesha kwamba kipimo kinachotakiwa kimevukwa. Pili, hudokeza kwamba kuna jambo lisilowezekana kwa sababu hiyo. Anayesema kwa Kiingereza kwamba mzigo ni "too heavy to carry" amekana bila kutumia kikanushi chochote: mzigo haubebeki. Ukanushi umefichwa ndani ya kielezi, na mwanafunzi asiyeuona huenda akaielewa sentensi hiyo kinyume kabisa, kwamba mzigo ni mzito sana lakini utabebwa.

Mno, sana na fijo

Mwanafunzi akiuliza maana ya "too", hujibiwa "mno" au "sana". Akiuliza maana ya "very", hujibiwa pia "sana". Kutokana na majibu hayo, huhitimisha kwamba maneno hayo mawili ya Kiingereza ni sawa. Hitimisho hilo lina mantiki yake, kwa kuwa katika Kiswahili "mno" hueleza ukali wa sifa, na si lazima kuwe na lawama ndani yake. "Mama huyu ni mkarimu mno" ni sifa kamili. Kinyakyusa nacho hakimsaidii hapa. Anayeambiwa "ndaga fijo" ameshukuriwa sana. Hawezi kudhani kwamba shukrani zimevuka mpaka.

Ndipo mwanafunzi anapoandika katika insha ya Kiingereza kwamba mama yake ni "too generous". Alikusudia kumsifu, lakini msomaji huenda akaelewa kwamba ukarimu wa mama huyo una madhara. Ni kweli kwamba Waingereza wenyewe hutumia neno hilo kwa adabu, kama vile kumwambia aliyewatendea wema kwamba ni "too kind". Hata hivyo, matumizi hayo yana uzito kwa sababu tu maana ya kuzidi inajulikana kwa pande zote mbili: mpokeaji anajifanya hakustahili wema mwingi kiasi hicho.

Je, Kiswahili hakina njia ya kueleza kuzidi? Methali inajibu: "Ngoma ikilia sana hupasuka." Neno "sana" peke yake halionyeshi kwamba mlio umevuka mpaka. Kinachoonyesha hivyo ni kitenzi kinachofuata, yaani tokeo lake. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe.

Mzigo wa maana katika kitenzi

Kiswahili huelekea kuweka maana ya kuzidi na kutofaa katika kitenzi, na hasa katika uhusiano wa kitu na mtumiaji wake. Tuchukue mfano wa mzazi anayemnunulia mwanawe sare ya shule mjini Tukuyu. Sare ikiwa kubwa, "inampwaya". Ikiwa ndogo, "inambana", "haimwenei" au "haimtoshi". Katika maneno yote hayo hakuna kivumishi, wala hakuna kielezi cha kuzidi. Kiambishi cha mtendwa, "-m-", ndicho kinachotaja yule ambaye kitu hakimfai. Kiingereza hulazimika kumtaja mtu huyo kwa kirai cha pembeni.

Namna ya pili ni kauli ya kutendeka katika ukanushi. Mvua zikizidi, barabara "haipitiki". Chai ikiwa ya moto kupindukia, "hainyweki". Bei ikipanda, "haishikiki". Hapa tokeo husemwa waziwazi, na sababu huachiwa muktadha.

Namna ya tatu ni vitenzi vyenyewe vya kupita na kuzidi: "chumvi imezidi", "kazi imemzidi nguvu", "amelala kupita kiasi". Njia hii ina ndugu wengi. Mwanaisimu Leon Stassen, katika uchunguzi wake wa ulinganishi wa mwaka 1985, alionyesha kwamba kulinganisha kwa kitenzi cha kupita au kushinda ni mtindo ulioenea hasa katika lugha za Afrika na za Asia ya Kusini Mashariki.

Iko pia namna ya nne, ambayo husahaulika kwa urahisi. Mtoto asiyefikia umri wa shule huitwa "bado mdogo". Neno "bado" linabeba tumaini: udogo huo utakwisha. Kiingereza husema tu kwamba umri haufai.

Athari kwa tafsiri

Mfasiri anayetafuta neno moja badala ya "too" huzaa sentensi kama "nguo hii ni kubwa sana kwa mimi". Msikilizaji ataelewa, lakini lugha imepoteza "inanipwaya". Jambo huwa zito zaidi katika maelekezo ya dawa. Onyo kwamba dawa nyingi mno ni hatari laweza kusomwa kama habari ya wingi tu, kwa vile "nyingi mno" haitaji mpaka. "Usizidishe kipimo ulichoandikiwa" linautaja mpaka huo, na linamwambia mgonjwa asifanye nini.

Hitimisho

Mwalimu wa Kiingereza katika shule kama za Kisondela angefanya vema kuanza na tokeo kabla ya kielezi. Mwanafunzi apewe kwanza "haubebeki", "inampwaya" na "bado mdogo", kisha aulizwe Kiingereza hueleza vipi hali hizo. Atagundua kwamba maana hiyo anayo tangu zamani, na kwamba kilichobaki kwake ni kujifunza mahali Kiingereza kinapoiweka.