Ziwa Linaporudisha, na Linapokataa

Msomaji wa Rumonge ameniandikia. Kaka yake alizama usiku akivua ndagala, upepo ulipopindua mtumbwi. Wazee wa mwaloni wakaiambia familia: msianze matanga, siku ya tatu ziwa litamrudisha. Wakangoja, sanda ikiwa tayari. Anauliza kama wazee wanajua wanachosema.

Wanajua. Jinsi mtu anavyozama tuiache. Mimi nataka gesi inayomrudisha juu. Bakteria wa tumboni hawafi na mwenyewe. Wanaendelea kula bila kuhitaji oksijeni, wanatoa methani na kaboni dioksidi, tumbo linajaa. Maji ya Tanganyika ni vuguvugu, nyuzi 23 hivi hata kilindini, kwa hiyo baridi haiwacheleweshi. Na kwa kuwa uzito wa mwili unakaribiana sana na wa maji, gesi kidogo tu yatosha kuuibua.

Basi kwa nini wengine hawaibuki? Chukua bidoni ya mawese, ile ya njano ya lita 20. Iwe tupu, ifunge vizuri, ifungie jiwe la kilo 10. Juu ya maji inalibeba bila shida. Ivute hadi mita 10: hewa imebanwa, imebaki nusu, na mbavu za bidoni zimebonyea. Mita 30: robo, lita 5 tu, na sasa jiwe ndilo linaloivuta bidoni. Mita 90: lita 2, plastiki imekunjamana kama tambara. Hakuna hewa iliyovuja, hata tone. Tumbo ni bidoni hiyo. Kwenye mita 90 bakteria wafanye kazi mara kumi kupata mnyanyuo uleule, na beseni la kaskazini la ziwa letu linafika mita 1,310.

Kinachobana hivyo wanafizikia wetu wamekiita kanieneo, yaani kani juu ya eneo. Walimu wengine hulikwepa neno hili. Mimi nalipenda kuliko presha, ambayo huku kwetu ni ugonjwa wa bibi.

Kwa hiyo aliyezama karibu na ufuko, ngojeni. Aliyezama mbali, kilindini, huenda mkangoja bure.

Msomaji wangu hakusema mtumbwi ulipindukia wapi. Aliandika tu kwamba siku ya tano walimsalia ghaibu, arobaini ikasomwa, na mama yao bado hushuka mwaloni alfajiri, ndagala wanapoanikwa.