Likizo maktabani: si tuisheni, wala si ya watoto peke yao

Shule zinapofungwa, wazazi wengi wanaowapeleka watoto katika maktaba ya umma hutaka kujua ni mwalimu gani atakayewafunza. Jibu la mkutubi huwashangaza: hakuna. Hakuna mwalimu, hakuna mtihani, na hakuna anayeitwa mbele ya wenzake asome kwa sauti ikiwa hataki. Programu ya kusoma wakati wa likizo ina kazi moja tu, nayo ni kumfanya mtu asome kitabu alichokichagua mwenyewe, akimalize, kisha atamani kingine.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza wanafunzi kufanyiwa tuisheni wakati wa likizo. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili. Kwa hivyo mzazi asimwombe mkutubi amalizie mtoto silabasi. Aombe kitabu.

Je, kitabu cha hadithi kinaweza kumsaidia mwanafunzi kuliko masomo ya ziada? Suala hili limechunguzwa hasa nchini Marekani, ambako maktaba zilianza kuwavutia watoto kusoma wakati wa likizo ndefu ya kiangazi tangu miaka ya 1890. Mwaka 1978, mtafiti Barbara Heyns alichapisha matokeo ya utafiti wake kuhusu wanafunzi wa jiji la Atlanta. Aligundua kwamba waliosoma vitabu sita au zaidi wakati wa likizo walipiga hatua kuliko wasiosoma, na hali ilikuwa hivyo kwa watoto wa familia tajiri na maskini vilevile. Matumizi ya maktaba ya umma yalihusiana na ukuaji wa msamiati kuliko hata kuhudhuria madarasa ya likizo.

Ni kweli kwamba likizo zetu za Aprili na Agosti ni fupi kuliko kiangazi cha Atlanta. Ile ya mwisho wa mwaka ndiyo inayokaribiana nayo. Lakini Wakenya hawajasahau mwaka 2020, shule zilipofungwa Machi kwa sababu ya korona na wanafunzi wengi wakarudi darasani Januari 2021. Katika miezi hiyo, nyumba yenye vitabu na nyumba isiyo navyo hazikuwa sawa. Maktaba ipo ili kupunguza pengo hilo, na hulipunguza pale tu watu wanapoingia.

Kuchagua kitabu ndiko kunakowatatiza wengi. Wakutubi wana njia rahisi: mtoto afungue ukurasa wowote wa katikati na kuusoma, akikunja kidole kimoja kila anapokutana na neno asilolijua. Vidole vitano vikikunjwa kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho bado ni kigumu kwake. Akirudishe rafuni, atakikuta mwakani. Akikunja kimoja au viwili, hicho kinamfaa.

Hapa ndipo wazazi hukosea kwa nia njema. Mtoto wa Gredi ya 5 akichukua kitabu chembamba cha picha, hunyang'anywa na kupewa kinene ili asionekane amerudi nyuma. Aachwe. Msomaji hupata kasi kwa kusoma vingi vilivyo rahisi kabla ya kupanda mlima, na kitabu kinachomshinda mtoto mnamo siku ya kwanza ya likizo huwa ndicho cha mwisho kuguswa hadi shule zifunguliwe. Vichekesho vya kuchorwa navyo ni kusoma, sawa na hadithi za lugha ya mama pale zinapopatikana.

Kwa watoto ambao hawajaanza shule, kuna saa ya hadithi. Msimulizi akiita "Paukwa!" na chumba kizima kikajibu "Pakawa!", mtoto wa miaka mitatu tayari ameanza safari ya kusoma: anajifunza kusikiliza, kungoja na kukisia kitakachompata Fisi. Mzazi asiyejua kusoma asijitenge. Anaweza kukaa na mtoto, wakafungua picha moja baada ya nyingine, na kumwuliza anachokiona. Mazungumzo hayo yanamjengea mtoto msamiati atakaouhitaji atakapokutana na maandishi.

Vijana ni habari nyingine. Wengi huja kwa sababu ya intaneti na mahali pa kuchaji simu, na si vibaya. Akishaketi, kitabu kiko karibu. Kinachowashika zaidi ni mijadala ya kikundi, ambapo wanasoma kitabu kimoja na kubishana kuhusu mhusika aliyewaudhi.

Na watu wazima? Hao ndio huachwa nje kila maktaba inapotajwa, ilhali milango ni yao pia. Mtu aliyesoma Utengano au Kidagaa Kimemwozea sekondari aliisoma akiwinda maswali ya mtihani. Akiisoma tena akiwa na watoto wake mwenyewe, bila dondoo wala insha, atakuta ni riwaya nyingine kabisa. Anayesoma gumbaru naye anahitaji mahali pa kujizoeza akiwa na utulivu. Marehemu Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, na mojawapo ya mambo aliyoyataka ni kujisomea Biblia mwenyewe. Kwa mtu kama huyo, saa moja mezani, karibu na mkutubi asiyemcheka, ina thamani kubwa.

Hofu ya kupoteza kitabu huwazuia wengi kuazima. Masharti ya uanachama na ada, ikiwa ipo, huelezwa mtu anapojiandikisha, na ni vyema kuyauliza kabla ya kutia sahihi. Kitabu kikilowa au kikipotea, mkutubi aambiwe mapema. Mara nyingi hutakiwa kulipwa au kununuliwa kingine kama hicho, jambo ambalo ni afadhali kuliko familia nzima kukimbia maktaba kwa miaka. Asiyetaka kuazima asomee papo hapo.

Kwa wanaoishi mbali, umbali si kisingizio cha kusahauliwa. Mwaka 1996, Huduma ya Taifa ya Maktaba ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Wanyama hao walibeba masanduku ya vitabu pamoja na hema la kusomea, na wasomaji waliketi kivulini. Kijiji kisicho na ngamia kinaweza kuomba sanduku la vitabu liwekwe shuleni au katika ofisi ya chifu wakati wa likizo.

Ombi kama hilo lina mahali pa kupelekwa. Jedwali la Nne la Katiba linaweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti, kwa hivyo rafu tupu ni jambo la kujadiliwa katika vikao vya umma vya bajeti, sawa na barabara na zahanati. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Tarehe hizo ziko karibu na misimu ya likizo, wakati daftari la wageni la maktaba linapaswa kuwa limejaa. Kila anayeingia, hata akikaa nusu saa, aandike jina lake humo. Mkutubi anayeomba vitabu zaidi huulizwa kwanza ni watu wangapi waliosoma vile alivyo navyo.